Waliobebwa Mgongoni

Mwaka wa 2011 shangazi yangu alifungwa miezi 18 kwa ajili ya chang'aa. Hakimu alimpa nafasi ya kulipa faini, lakini faini yenyewe ilizidi bonasi ya chai ya nyumba nzima, tena ilikuwa Machi na bonasi huja Oktoba. Alikuwa na watoto wawili. Msichana wa mwaka mmoja aliingia naye jela akiwa mgongoni. Mvulana wa miaka sita alirudi na Kogo, nyanya yetu, nje kidogo ya mji wa Litein, akapewa nusu ya kitanda changu.

Kwa nini mmoja aende na mwingine abaki? Nilidhani shangazi ndiye aliyechagua, na kusema ukweli, nafikiri binamu yangu alidhani hivyo pia. Nilikuja kujua nikiwa chuo kwamba ni Sheria ya Magereza, Sura ya 90. Mtoto mchanga wa mfungwa mwanamke anaweza kupokewa pamoja na mamake, apewe nguo na mahitaji kwa gharama ya serikali, mpaka afikishe miaka minne. Kwa hiyo yule mdogo alikuwa kwenye hesabu ya serikali: uji wake, nguo zake. Kakake alikuwa amepitisha miaka miwili. Hakuna aliyemwandika popote.

Kogo aliwaambia majirani kwamba shangazi amepata kazi Nairobi. Uongo huo haukumaliza wiki mbili. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai watu walikuwa wanajua hata tarehe ya hukumu. Shuleni mwalimu alitaka mzazi aje kutia sahihi, na binamu yangu akarudishwa nyumbani mara tatu muhula huo, kwa sababu Kogo alikuwa anachuma chai asubuhi na kidole gumba chake hakikukubalika kama sahihi. Si kwamba mwalimu alikuwa mbaya. Fomu ilikuwa na nafasi ya "mzazi" tu.

Jioni moja binamu yangu aliuliza kama na yeye angeweza kwenda kukaa jela. Kogo aliacha kupepeta mahindi. Akasema, "Zamani walienda wote. Hata waliokuwa mgongoni. Usiombe hivyo."

Alikuwa anazungumzia Talai. Kama umekulia kwetu unajua jina hilo husemwa kwa sauti ya chini. Ni ukoo wa orkoiyot, viongozi wa kiroho ambao Wakipsigis na Wanandi waliwasikiliza kabla ya vita na kabla ya mavuno. Waingereza waliwaona kama chanzo cha kila fujo na kila wizi wa mifugo Kericho, na wakati huo huo, miaka ya 1920, kampuni za chai zilikuwa zinapanda mashamba makubwa kwenye milima hii. Kuwafunga wazee mmoja mmoja hakukutosha. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria maalum ya kuwahamisha, ukoo mzima. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, sehemu ambayo leo iko Kaunti ya Homa Bay. Joto, malaria, mbung'o wanaoua ng'ombe. Kwa watu wa baridi ya Kericho, wanaoishi kwa maziwa, hiyo ilikuwa hukumu ndani ya hukumu.

Hebu fikiria: hakuna mtoto aliyeshtakiwa kwa lolote. Wengine hata hawakuwa wamezaliwa. Walizaliwa Gwassi, wakajifunza kutembea Gwassi, wengine wakazikwa huko kabla ya kujua walikosea nini. Familia zilianza kurudi Kericho karibu na uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikakuta ardhi ina wenyewe. Hadi leo wapo waliozaliwa kule wakiwa wafungwa na sasa ni wazee wasio na shamba. Agosti 2022 kesi yao pamoja na ya Wakipsigis wengine ilipelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mimi nazilinganisha hizi sheria mbili na sipati raha. Ile ya 1934 ilimhesabu kila mtoto, ili imwadhibu. Hii ya sasa humhesabu mpaka miaka minne, kisha inageuza uso.

Na si lazima iwe hivyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisikiliza rufaa ya mama wa wavulana watatu aliyepatikana na hatia ya ulaghai. Jaji Albie Sachs akaandika kwamba hakimu, kabla ya kumfunga mlezi, lazima aulize watoto watabaki na nani. Mama yule alitumikia adhabu akiwa nje, chini ya uangalizi, akawalipa aliowalaghai. Kenya nayo iliridhia mwaka 2000 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kifungu cha 30 kinasema adhabu isiyo ya jela ifikiriwe kwanza mama anapohukumiwa. Tangu 1998 tuna sheria ya huduma kwa jamii, kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Miezi 18 imo humo. Shangazi angefagia soko la Litein na kurudi nyumbani kupika. Lakini siku ile kortini, Kogo anasema, swali lilikuwa moja tu: una pesa?

Shangazi alirudi na mtoto wa miaka miwili na ushee, mnene, anaongea Kiswahili kitupu. Kipsigis ilikuwa imempita. Aliwaogopa wanaume wote na akalia alipoona ng'ombe. Binamu yangu alimtazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akamshika mkono, akampeleka zizini polepole, akawa anamwambia majina ya ng'ombe mmoja mmoja.