Thomas A. Dorsey na Chimbuko la Muziki wa Injili

Thomas A. Dorsey, aliyezaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Georgia, Marekani, alianza kama mpiga piano wa bluzi, yaani muziki wa majonzi na mapenzi wa Wamarekani Weusi, akimsindikiza mwimbaji Ma Rainey. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto akafuata muda mfupi baadaye. Katika msiba huo alitunga Take My Hand, Precious Lord, wimbo ambao mwimbaji wa Injili Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi ya mtetezi wa haki za kiraia Martin Luther King mwaka 1968. Makanisa yaliyoukataa mwanzoni mtindo wa Dorsey, uliounganisha mdundo wa bluzi na maneno ya imani, hatimaye yaliupokea, naye anastahili kuitwa baba wa muziki wa Injili.