Kutoka Kinyume hadi Risto

Lawama kwamba vijana wanaipindua lugha ni kongwe, na kwa kawaida husemwa kwa sitiari. Unguja ya karne ya 19, hata hivyo, walikuwapo watu walioipindua kwelikweli, silabi kwa silabi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika huko mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliitaja desturi hiyo katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Wenyewe waliiita Kinyume.

Kanuni yake ni nyepesi. Silabi ya mwisho ya neno huondolewa mahali pake na kutangulizwa mbele: nyumba huwa mbanyu, samaki huwa kisama, maji huwa jima. Mgeni, hata kama anakijua Kiswahili vizuri, akisikia sentensi nzima imesemwa hivyo kwa kasi hubaki ameduwaa. Mwenye kanuni hufungua maneno yote kwa ufunguo mmoja. Ni mafumbo, ila ya masikio badala ya maana, na msemaji aliyezoea kuhesabu mizani angeyaona mepesi.

Sasa tuhame pwani twende Nairobi, mitaa ya Mashariki kama Kaloleni, Shauri Moyo na Pumwani, ambako katika miongo iliyozunguka uhuru wa Kenya vijana wa makabila mengi walikulia katika nyumba finyu na viwanja vya pamoja. Humo ndimo Sheng ilimokomaa. Kati ya maneno yake yaliyodumu limo risto, yaani hadithi au habari. Asili yake ni stori, neno la kukopa, lililogeuzwa nyuma mbele. Sidai kwamba kijana wa Kaloleni alifundishwa Kinyume na Mwunguja. Vijana wa Ufaransa nao wana mchezo wa namna hiyohiyo uitwao verlan, na hapana shaka hawakuuazima kwetu. Ninachosema ni kwamba anayeiona risto kuwa dalili ya ulimi ulioharibika anapaswa kueleza kwa nini mbanyu haikuwa.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Kinyume kiliacha msamiati ulivyo, kikacheza na umbo lake tu. Sheng haina ufunguo mmoja. Fedha ni chapaa, kesho ganji, mtaa wa pili doo. Askari polisi ni karao, au sanse, au ponyi, kutegemea msemaji ana umri gani na alikulia wapi. Mzee anayetaka kuifuata hana kanuni ya kujifunza, ana maneno ya kukimbizana nayo, na akilinasa moja hukuta wenyewe wamekwisha kulitupa. Hapo ndipo machungu yake yalipo hasa. Babu wa zamani aliyewasikia wajukuu wakisema Kinyume alitabasamu, kwa sababu yeye mwenyewe alikijua. Babu wa leo hukaa sebuleni kwake akasikia lugha aliyoizungumza maisha yake yote, viambishi vilevile, lafudhi ileile, na bado asielewe anasemwa nani.

Lakini si kila kinachomkwaza ni kigeni. Chukua salamu za Tanzania. Mzee huuliza, "Hujambo?" Kijana humwuliza mwenzake, "Mambo?" Mzizi ni mmoja, jambo lile ambalo mzee anataraji lisiwepo, kijana analiulizia kwa wingi. Hujibiwa, "Poa." Wapo wanaolikataa jibu hilo wakisema ni tafsiri ya mtindo wa Kimarekani. Huenda matumizi yake ya sasa yana harufu hiyo, ila kitenzi kupoa ni chetu tangu kale: chai hupoa, hasira hupoa, na homa ikishuka mgonjwa naye huambiwa amepoa. Kijana huyohuyo, akikutana na mzee njiani, hubadili ulimi papo hapo na kutamka "Shikamoo" bila kukumbushwa. Anazo lugha mbili na anajua mipaka yake. Ni mzee aliyebaki na moja.

Sisi washairi tuna sababu ya pekee ya kunyamaza kidogo katika kesi hii. Tunasema nendapo badala ya ninapokwenda, tukaiita inkisari. Tunasema njema siha, tukaiita kuboronga sarufi, na jina lenyewe linakiri kosa. Tumejipa ruhusa hizo kwa ajili ya vina na mizani. Kijana hukata neno kwa ajili ya mwendo wa mazungumzo, naye hatumpi hata jina la kitaaluma.

Tena kamusi zetu zimejaa maneno yaliyopanda kutoka barabarani. Matatu lilitokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumikumi. Daladala lilizuka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi tano na sarafu ya thamani hiyo ikiitwa dala. Nauli hizo zimekufa zamani. Maneno yamo kamusini, na wanaoyatumia bila wasiwasi leo ni walewale wanaoikemea risto. Walioyazua walikuwa vijana wakati huo.

Kinyume hakikupata bahati hiyo. Kiliishi vinywani, na sehemu ya tunachokijua juu yake tunakidai kwa mgeni aliyeona kinafaa kuandikwa. Ningependa kujua ni wangapi kati yetu tulio na daftari ambamo tumeandika, pamoja na mwaka na mtaa, maneno ambayo wajukuu wetu wameyasema wiki hii.