Barafu na Maji ya Moto

Wengi hudhani kuwa mtu huzaliwa akipenda kinywaji baridi au cha moto. Historia yakanusha jambo hili.

Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipakia merikebuni barafu iliyokatwa bwawani, akaipeleka Martinique. Alichekwa, akapata hasara, lakini hakukata tamaa. Aliifunika barafu kwa unga wa mbao isiyeyuke, akawagawia bure wauza vinywaji. Wanywaji walipoizoea, ndipo akaanza kuiuza. Mwaka 1833 barafu yake, tani 100 hivi, ilifika Calcutta baada ya safari ya miezi minne. Wamarekani nao wakazoea kuitaka katika kila bilauri.

China ilishika njia nyingine. Chai ya moto ilipendwa huko tangu kale. Tena maradhi ya maji machafu yaliua wengi, hata kampeni ya afya ya mwaka 1952 ikahimiza umma kunywa maji yaliyochemshwa. Mpaka leo Wachina wengi huyanywa yangali moto.

Basi mwenye kudharau kikombe cha mgeni adharau mambo yaliyowapata wazee wa mgeni huyo. Yafaa aulize kwanza, kisha ahukumu.