Chapeo, Nyara na Waraka: Vitu vya Vita vya Kasongo na Kabambare

Neno chapeo lilitoka katika Kireno, ambako maana yake ni kofia tu. Kiswahili kiliibana maana hiyo na kuielekeza vitani, hata watafsiri wa Biblia wakalitumia kwa kofia ya chuma ya askari katika Waraka kwa Waefeso. Chapeo za aina hiyo, zilizofuliwa Ulaya katika karne ya 15, zimehifadhiwa katika makumbusho mengi ya Magharibi. Aghalabu asili yake husomeka katika chuma chenyewe. Wahunzi wa Milano walipiga mihuri ya karakana zao, na mji wa Nürnberg ulitia alama yake juu ya kazi iliyokaguliwa. Hivyo mtazamaji humjua mfuaji, ijapokuwa jina la mvaaji limepotea.

Mintarafu ya vita vya Maniema vya 1892 hadi 1894, hali ni kinyume. Chapeo za chuma hazikuwamo tena, kwa kuwa bunduki zilikuwa zimekwisha kuzishinda, nazo hazikurejea vitani kwa wingi hadi 1915. Askari wa Dola Huru ya Kongo walibeba bunduki za Albini. Upande wa pili ulitegemea zaidi magobori, pamoja na maboma yaliyojengwa kwa magogo na udongo.

Mwishoni mwa 1892, Lippens na De Bruyne, maafisa wa Dola waliokuwa Kasongo, waliuawa. Jeshi la Dhanis likaiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani. Hata hivyo, vita hivi havikuwa baina ya Wabelgiji na Waarabu peke yao, kwani wengi wa wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa wenyeji wa Kongo. Ngongo Lutete, ambaye watu wake walimfungulia Dhanis njia, alihukumiwa na maafisa wa Dola hiyohiyo na kuuawa Septemba 1893.

Daktari Hinde, aliyefuatana na jeshi hilo, alichapisha mwaka 1897 habari za utajiri uliokutwa Kasongo: vitanda vilivyonakshiwa, magodoro ya hariri, bilauri, mishumaa na sukari. Orodha hiyo ni ya mshindi. Inaeleza kilichotwaliwa, wala haielezi nani alikinunua, nani alikichonga, au ni watumwa wangapi walilima mashamba yaliyoulisha mji ule. Mwaka huohuo Mfalme Leopold II alifungua maonyesho ya Kongo huko Tervuren, yaliyozaa makumbusho ambayo jengo lake kubwa lilifunguliwa 1910. Kitu cha vita kinachosajiliwa kwa jina la afisa aliyekileta hubaki na mmiliki wake wa mwisho tu, kana kwamba historia yake ilianzia siku ya kutekwa.

Lakini Maniema nayo ilikuwa na muhuri wake, nao ni maandishi. Wafanyabiashara wa huko waliandikiana kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na sehemu ya nyaraka hizo ilichukuliwa pamoja na nyara. Mwaka 2020 Xavier Luffin alichapisha mkusanyo wa nyaraka za aina hiyo za miaka ya 1880 hadi 1899 zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji. Tippu Tip naye, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili.

Nyaraka hizo hazina budi kusomwa kwa hadhari, maana nazo ni sauti ya wenye mali, na waliouzwa hawasikiki humo. Pamoja na hayo, zinampa mtafiti kile ambacho alama ya mhunzi humpa mchunguzi wa chapeo: jina, mahali, na shughuli iliyokuwapo kabla ya ushindi. Kwa sababu hiyo, usomaji wa hati za Kiarabu wastahili kuwa sehemu ya mafunzo ya kila mwanafunzi wa historia ya Kiswahili cha Kongo, wala usiachwe kuwa kazi ya wataalamu wa Ulaya peke yao.