Boti Zilizopanda Mlima

Sisi wa Msanzi ni watu wa uwandani, watu wa baridi na ulezi. Ziwa Tanganyika, ambalo wazee waliliita Liemba, tunalifikia kwa kuteremka. Hata hivyo, boti ndogo za kasi, ambazo siku hizi huhesabiwa kuwa chombo cha makomandoo, zilipigana ziwani humo tangu Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliotamba ziwani kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. (Mimi si neno letu, ni jina ambalo watoto wa Kifaransa humwitia paka, na Toutou ni mbwa.) Kutoka Cape Town zilisafiri kwa treni hadi Fungurume, Kongo, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai.

Vitabu humtaja sana kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson. Lakini wako pia waliofyeka msitu na kujenga madaraja zaidi ya 100, na wanawake waliotwishwa maji ili mashine zile zisikwame kwa kiu. Majini boti zilikwenda mbio. Nchi kavu zilikuwa mzigo, na majina ya waliozipitisha hayasomeki popote.

Tarehe 26 Desemba 1915 zilikutana na meli Kingani. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu, kwa hiyo boti zilizunguka na kuishambulia kwa nyuma. Dakika chache tu, ikatekwa. Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazama.

Kisha Juni 1916 kikosi hicho kikafika kwetu, Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg. Spicer-Simson aliiona mizinga ya boma, akasita, akarudi Kituta. Nyuma yake Wajerumani wakapanda vyombo vya kienyeji, vya makasia na tanga, wakatoroka. Askari wa nchi kavu kutoka Rhodesia ya Kaskazini walipoingia bomani, inasimuliwa kuwa mizinga ile iliyomtisha bwana mkubwa ilikuwa magogo yaliyochongwa.