Ruhusa ya Kuwaona Ndugu

Mwaka 1875 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alikwenda Uingereza kwa ziara ya kiserikali. Dada yake, Bibi Salme, aliyekuwa mjane akiishi Ujerumani na wanawe watatu, alipopata habari hiyo alifunga safari hadi London ili amwone. Walikuwa hawajaonana tangu 1866, mwaka aliotoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, alikoolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Kule London hakupata kuonana na kaka yake. Sir Bartle Frere alimwekea mambo mawili achague moja: ama amwendee nduguye, ama aiache safari hiyo na wanawe wahakikishiwe maisha yao ya mbele. Mama akachagua watoto. Ahadi aliyopewa haikutimizwa.

Miaka 10 baadaye, 1885, alifika kwao akiwa pamoja na manowari za Kijerumani. Aliuona mji, akatembea katika njia zake, na watu wakamlaki kwa mapenzi, lakini Barghash alikataa kumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888, wala hakufanikiwa. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Wengi wamekwisha kuandika juu ya mapenzi ya Bibi Salme na juu ya siasa za mataifa zilizomtumia. Jambo dogo zaidi ndilo linalostahili kutazamwa hapa, nalo ni kwamba huyu huenda ndiye Mzanzibari wa kwanza ambaye tuna maandishi yake mwenyewe yanayoeleza namna mtu anavyoomba kwa wakubwa wa nchi ya kigeni ruhusa ya kumwona ndugu wa damu. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Kabla ya hapo, na kwa watu wa kawaida hata muda mrefu baadaye, aliyetaka kuwatembelea jamaa wa ng'ambo alikuwa na wa kumngojea mmoja tu: upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Maskati, Sur na Hadhramaut tangu mwezi wa Disemba. Kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Mgeni aliyeshuka Unguja mwezi wa Januari hakuulizwa atakaa siku ngapi, kwani hata yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuondoka kabla ya kusi kuanza kuvuma. Muda wa ziara ulikuwa umekwisha kuwekwa.

Karatasi ziliingia kwanza katika vyombo, kisha ndipo zikaingia katika mifuko ya watu. Manahodha wa Sur walijipatia hati na bendera za Kifaransa ili manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikiwasaka wafanya biashara ya watumwa, zisiwapekue. Na tusijitie upofu: miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na cha kuficha. Ugomvi huo wa Uingereza na Ufaransa ulifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ya Agosti 1905 ikaibana sana haki ya Ufaransa ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati. Hivyo, meza moja ya Ulaya iliamua ni nani apite baharini baina ya Uarabuni na pwani yetu, na apite kwa karatasi gani.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalizigawa nyumba za Mji Mkongwe na za mashamba kwa usiku mmoja. Maelfu waliuawa, na maelfu wengine walifukuzwa au walikimbia. Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo huo uliyatia uraia na uhamiaji katika mambo 11 ya mwanzo ya Muungano. Lakini hilo lilikuwa katika maandishi. Katika zama za Rais Abeid Amani Karume, zilizokwisha alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, mlango wa kutoka ulikuwa mikononi mwa serikali ya Unguja, na haukufunguliwa kwa urahisi. Basi wakati huo swali la viza ya nchi za watu lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa idhini ya kuondoka kwenu.

Miongoni mwa vijana walioondoka alikuwamo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa mwaka 1948. Aliingia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ruhusa ya mtalii, na hakuweza kurudi hadi mwaka 1984, alipowahi kumwona baba yake muda mfupi kabla ya mzee huyo kufariki. Waliomsoma tangu apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021 watakumbuka kuwa riwaya yake By the Sea, ya mwaka 2001, inaanza na mzee wa Kizanzibari katika uwanja wa ndege wa Gatwick, akiwa na paspoti ya jina lisilo lake na kijikasha cha udi. Afisa anampokonya udi ule. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa ni kitu gani kilichochukuliwa.

Upande wa Oman mlango ulifunguka kwa njia nyingine. Sultani Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea waliotoka Unguja, na wengi walitawanyika Dubai, Kuwait na Cairo. Mwanawe, Qaboos, aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi wakaijenge nchi. Wakarudi kwa wingi, na Kiswahili kikasikika katika ofisi na masoko ya Maskati. Tangu hapo, kwa aliyebaki Unguja, kumtembelea ndugu kulitegemea ndugu mwenyewe: mwenyeji ndiye aliyesimama kuwa mdhamini, naye ndiye aliyeulizwa kama mgeni amepitisha siku zake.

Hapo ndipo majina yalipoanza kuleta tabu. Aliyehamia Oman aliandikwa katika paspoti yake mpya kwa jina la kabila, na al- mbele yake. Nduguye wa tumbo moja aliyebaki Malindi au Bububu aliandikwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Wawili hao, waliolala mkeka mmoja utotoni, katika karatasi hawajuani.

Kwa Waingereza tabu hiyo ni kubwa zaidi. Fomu inataka jina la ukoo, jambo ambalo kwa desturi yetu halipo. Mama hachukui jina la mumewe. Anabaki na la baba yake mpaka kaburini. Kwa hiyo mama na mwana aliyeko London au Portsmouth hawana hata jina moja la kuwaunganisha. Tena huombwa taarifa za benki na ushahidi kwamba ana cha kumrudisha kwao, kwani ruhusa ya kawaida ni ya miezi 6 na afisa lazima aridhike kuwa mgeni atarejea. Mali ya bibi wa Mji Mkongwe ni fungu lake katika nyumba ya urithi, au minazi shamba, au dhahabu iliyomo kashani. Hakuna benki inayoyaandika hayo. Naye huvuka hadi Dar es Salaam kwenda kutoa alama za vidole vilivyosuguliwa na miaka ya mbuzi ya nazi na kinu.

Aliyekataliwa alikuwa na haki ya kukata rufaa. Uingereza iliwaondolea wageni haki hiyo mwaka 1993, ikawarudishia mwaka 2000 wale tu wanaotembelea jamaa, kisha ikaifuta kwa maombi yote ya tangu tarehe 25 Juni 2013, isipokuwa kwa hoja ya haki za binadamu. Sasa anayekataliwa huanza upya na kulipa upya.

Nao walioko huko hawarudi bure. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo aliyechukua paspoti ya Uingereza huingia kisiwani alikozaliwa kwa viza, akapanga foleni moja na watalii. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanatakiwa pia kulipa bima ya dola 44. Mama yake anamngoja nje ya uwanja.

Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliondoka kwa meli yake Januari 1964. Mombasa alikataliwa kushuka. Akapitia Dar es Salaam hadi Uingereza, akaishi Portsmouth. Watoto wake waliruhusiwa kuhamia Oman katika miaka ya 1980. Yeye aliomba kwa miaka mingi na hakukubaliwa. Ruhusa ilitoka mwaka 2020, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Alifariki huko tarehe 30 Disemba 2024.