Ulingo wa Kinshasa na Waliomaliza Vifungo

Kule Salamabila, katika eneo la Kabambare nchini Kongo, penye dhahabu ya Namoya na vijana waliowahi kubeba bunduki, swali la nani aruhusiwe kurudi uwanjani si geni nchini. Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri, bondia Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, raundi ya 8. Mwaka 1967 Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa na kuhukumiwa miaka 5 jela kwa kukataa kuingia jeshini. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo 1971. Mwandaaji wa pambano hilo la Kinshasa, Don King, alikuwa ametumikia karibu miaka 4 kwa kumpiga mtu mateke hadi kufa, Cleveland. Atakayesema hawafanani hakosei: Ali alionewa, King aliua. Lakini King alimaliza kifungo, na kumnyima riziki baadaye ni kumhukumu mara ya pili. Kijana aliyetoka msituni Kabambare bila kufikishwa mahakamani hasaidiwi na hoja hii: hana kifungo alichokimaliza.